Roho Isiyojibu

Khawla alikuwa amekufa tangu Ijumaa iliyopita, na kifo chenyewe alikiona kinamfaa.

Hakufa yeye, Mungu apishe mbali. Aliyekufa ni Zumaridi, mganga wake wa mchezoni, mwanamke aliyeumbwa kwa maneno matupu. Kwa miaka miwili Khawla alimwazima sauti yake, naye Zumaridi akamlipa kwa ushujaa ambao Khawla nyumbani kwao hakuwa nao. Ijumaa ile Zumaridi alibaki nyuma kwenye daraja la kamba ili wenzake wavuke. Kete ikamgeuka, daraja likakatika. Wachezaji walipiga ukelele kama walioona ajali barabarani. Khawla akakusanya vikombe vya chai, akaingia navyo jikoni, akafungua mfereji na kulia huku maji yakichuruzika, ili atakayemsikia adhani anaosha vyombo.

Hakuwa akimlilia Zumaridi.

Siku moja kabla ya hapo, baada ya chakula cha mchana, baba yake alimwita. Bwana Nasr alikuwa mtu wa maneno machache na miadi isiyovunjwa, na siku ile alikaa wima kwenye kochi kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Pembeni alikaa mama, Bi Kheiria, uso umemng'ara.

"Ami yako Musallam kaja kumposea Talal," baba alisema. "Kijana unamjua, mmekua pamoja. Nnakuuliza wewe mwenyewe, mwanangu. Unasemaje?"

Khawla alitazama zulia. Alikuwa na la kusema. Jina la mtu mwingine lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, halipandi wala halishuki. Lakini aseme nini? Kwamba yupo mtu ambaye hajaleta mshenga, hajatamka neno, na ambaye jamaa zake mama huwaita "wale wa Bara" huku akikunja pua?

Baba alingoja. Mama hakungoja.

"Ah, Nasr nawe! Mwanamwali huulizwa mara ngapi? Kimya chake ndiyo jawabu lake."

Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mabibi. Msichana akiulizwa na akanyamaza, amekubali, kwa sababu haya haimruhusu kusema ndiyo mbele ya wazazi. Khawla aliijua kanuni hiyo tangu hajaota meno ya pili. Aliijua hata pale alipokuwa akinyamaza. Hilo ndilo lililomchoma zaidi ya yote: alijua kimya chake kitasomwaje, na bado alinyamaza.

Baba alimwekea mkono kichwani, akamwombea kheri. Jioni hiyohiyo neno likafika Seeb kwa Ami Musallam, na milka, yaani kufunga ndoa yenyewe mbele ya mashahidi, ikapangwa baada ya wiki mbili, siku ya Alkhamisi.

Sasa ilikuwa Ijumaa nyingine, baada ya Alasiri, na Khawla aliketi kwenye majlisi, sebule ya wageni ya nyumba yao ya Ansab, mjini Muscat, kuhudhuria maziko yake.

Mezani walikuwa wanne. Kaka yake Wael alikaa upande wa juu, nyuma ya kadibodi iliyoficha siri zake, kwani yeye ndiye msimulizi: wengine kila mmoja alikuwa na mtu wake, naye Wael alikuwa milima, mvua, majambazi na majoka. Palipozuka ubishi waliangalia kitabu cha kanuni. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, ila mchezo waliucheza kwa Kiswahili. Thani, rafiki wa Wael, aliwahi kusema kuwa joka likitishia watu kwa Kiingereza huwa kama karani wa benki anayekunyima mkopo, na tangu siku ile majoka yote ya Wael yalinguruma kwa lugha ya nyumbani. Karibu na Wael alikaa Manal, binti wa mama mdogo, mwenye ulimi usiojua breki. Yeye alikuwa Bibi Karafuu, ajuza wa miaka mia tatu mwenye ujuzi wa kila uganga.

Mkabala na Khawla alikaa Thani.

Alikuwa mpima viwanja, mwana wa muuza vipuri wa Ruwi, na babu zake walirudi Oman kutoka Tabora, si Unguja kama wa kina Khawla. Alisema "ninakwenda" pale wao waliposema "nnakwenda", na Manal hakuchoka kumcheka. Mchezoni aliitwa Jabali, mlinzi wa njia. Jabali ndiye aliyemwambia Zumaridi, walipokuwa wakivuka jangwa la chumvi, "Ukiwa umechoka, sema tu, nami nitasema nimechoka ili wasikucheke wewe." Wote walicheka siku ile. Khawla hakucheka. Alimtazama Thani, Thani naye alikuwa anamtazama, na kila mmoja akainamia karatasi zake kana kwamba amesahau hesabu.

Mlango wa majlisi ulikuwa wazi. Hilo lilikuwa sharti la Bi Kheiria. Yeye mchezo wenyewe hakuupenda, kwani siku moja alipita na sahani ya sambusa akasikia watu wanajadili bei ya kufufua maiti. "Mwenye kurudisha roho ni Mungu peke yake!" alifoka. Wael akamwapia kuwa ni mchezo tu, kama bao. "Bao lina kete," mama akasema, "halina makaburi." Ila chai aliwapa, na sambusa aliziacha.

"Haya," Wael alianza. "Mmeteremka bondeni. Ramani ya Thani imewafikisha."

Thani alitandaza ramani mezani. Alikuwa ameichora wiki nzima kwa wino mweusi: mwamba kwa mwamba, mkondo kwa mkondo, na njia nyembamba inayoshuka kutoka daraja lililokatika hadi pale alipolala Zumaridi. Pembeni mwa mwili huo alikuwa amechora kijiti kimoja kilichochanua. Khawla alikiona, akahisi macho yanamwuma.

"Nimemfunika na joho la Jabali," Thani alisema taratibu. "Bibi Karafuu, kazi kwako."

Manal alikunja mikono ya abaya. "Nawasha ubani. Nnaiweka lulu yangu kifuani pake, na mjue lulu hii tumeipata kwa jasho la kumpiga jitu lenye macho manne. Namwita kwa jina. Zumaridi! Zumaridi! Zumaridi! Uganga wa Kurejesha."

Wael alisoma kitabuni, akitafsiri papo hapo. "Mwili upo. Lulu imeungua. Jina limeitwa. Roho inayokataa hairudi." Akafunika kitabu. "Dada, ni wewe sasa. Zumaridi anasikia anaitwa. Anarudi?"

Wote walimgeukia.

Khawla alifungua mdomo. Akisema anarudi, nani atakayembeba Ijumaa ijayo? Talal hakuwa mtu mbaya, maskini. Alishamwambia kwa upole kwenye simu kuwa michezo ya kukaa na vijana wa kiume ataiacha mwenyewe, si lazima agombezwe. Na akisema harudi, atakuwa amemuaga Thani mbele ya watu, na sauti itamsaliti. Ndiyo ilimshinda. Siyo ikamshinda. Akaitazama ramani, akanyamaza.

"Khawla?" Wael aliita.

Kimya.

"Basi karudi," Wael alisema, akaokota kete. "Hebu tuone karudi na nguvu kiasi gani."

"Hapana," Thani alisema.

"Hapana nini?"

"Hajarudi. Hajajibu."

"Yakhe, kitabu kimesema roho inayokataa hairudi. Hii imekataa? Haikukataa. Kwa hivyo imekubali. Kanuni ni kanuni."

"Kanuni imesema habari ya roho inayokataa. Ya roho iliyonyamaza haikuitaja kabisa. Hilo ni pengo, Wael, na wewe unalifukia kwa mchanga unaoutaka."

"Na lulu yangu je?" Manal aliruka. "Imeshaungua! Mnataka niende kwa jitu nikamwambie samahani, baba, una nyingine?"

"Lulu tutatafuta nyingine."

"Kwa mdomo ni rahisi. Nyinyi watu wa Bara mna ukarimu wa vitu vya wenzenu."

Thani alitabasamu kidogo, ila hakuachia. "Msimulizi, nisikilize. Pengine hasikii. Pengine anasikia na anaogopa. Pengine huko aliko kumemchosha, au kumempendeza, sisi hatujui. Ukimvuta akaja, utakuwa umerudisha nini? Mwili unaotembea. Sisi tutafurahi, tutapiga makofi, na yeye hatutakuwa tumemwuliza."

"Nimemwuliza! Mbele yenu!"

"Umemwuliza, na jawabu umejipa mwenyewe."

Wael alikuna kidevu. Alikuwa msimulizi mwadilifu, tena mwenye kiburi cha uadilifu wake. "Nipe hoja, bwana, si mashairi."

Thani akamgeukia Khawla. Hakumwita Zumaridi. "Khawla, wewe ni mfamasia. Ukiletewa cheti cha daktari, dawa imeandikwa na kiasi hakikuandikwa, unafanyaje? Unakisia?"

"Sikisii," Khawla alisema. Ilikuwa sauti yake ya kazini, ile isiyotetemeka. "Nampigia simu daktari."

"Na daktari asipopokea?"

"Dawa haitoki."

"Kwa nini? Mgonjwa anangoja. Foleni ndefu. Watu wananung'unika."

"Kwa sababu nikikisia nikakosea, atakayeinywa si mimi."

Thani alimgeukia Wael, akafungua viganja vyake.

Manal alikuwa amekitupa kijiko ndani ya sahani. Macho yake yalishaanza kumeta, na ulimi wake ukafanya kama ulivyozoea. "Mnajua nini? Mimi nimechoka. Thani anabishana na kadibodi. Nenda kabishane humo ndani, ndugu yangu! Nyumba hii kimya ni ndiyo. Alkhamisi tunakula pilau ya kimya."

"Manal!" Khawla alisema.

"Alkhamisi kuna nini?" Thani aliuliza.

Kiyoyozi kilivuma juu ya vichwa vyao. Wael aliigeuza kete mkononi, akaigeuza tena.

"Milka," alisema hatimaye. "Ya Khawla, na Talal wa Ami Musallam. Nilidhani unajua. Baba kamwuliza na yeye kakubali."

"Alisema nini?" Thani aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakusema, si unajua, wasichana huwa..." Wael alinyamaza katikati ya maneno yake. Akamtazama dada yake. Aliiweka kete chini polepole kama mtu aliyegundua ameshika kitu cha mtu mwingine. "Khawla. Hukusema kitu?"

Khawla hakuweza kumtazama.

"Yallah, Manal," Wael alisema, "twende tukachukue chai."

"Chai ipo hapa tele."

"Twende tukachukue nyingine."

Wakatoka, ila hawakwenda mbali. Kivuli cha Manal kilionekana sakafuni, pale ukumbini, na mlango ukabaki wazi kama ulivyotakiwa.

Thani hakusogea kwenye kiti chake. Meza nzima ilikuwa kati yao, na juu yake lile bonde la wino.

"Mabrouk," alisema. "Hongera."

"Usinipe mabrouk."

"Nikupe nini, basi?"

"Usinipe kitu."

Thani alipitisha kidole juu ya daraja alilolichora. "Ijumaa ile ulikuwa na ngao. Nimeifikiria wiki nzima. Zumaridi alikuwa na uganga wa ngao, hajautumia. Ungeutamka tu, ungevuka. Nilidhani umesahau. Hukusahau, eh?"

"Sikusahau."

"Kwa nini, Khawla?"

"Nilitaka kete iniamulie," alisema. "Mara moja tu, nisiwe mimi. Watu wote wananiamulia, nikasema na kete nayo ichukue sehemu yake."

Alitegemea Thani atamwonea huruma. Macho ya Thani yalijaa kitu kingine, kama mtu aliyepigwa na asiyetaka kurudisha. "Mungu wangu," alisema. "Na mimi nimekaa hapa nabishania roho ya mtu wa karatasi."

Hapo Khawla akakasirika. Hasira ilimjia kutoka mbali, ikapanda ikamjaa kifua. "Ndiyo, umekaa! Miaka miwili umekaa! Jabali anajua kusema. Jabali hana kizuizi. 'Siwezi kuivuka milima ile bila wewe.' Jabali kasema hayo mbele ya kaka yangu! Na Thani je? Thani anakunywa chai, anachukua funguo za gari, anasema tuonane Ijumaa. Nilipoulizwa na baba, ningesema nini? Nimwambie yupo mtu wa karatasi anayenipenda?"

Thani alipokea maneno yale bila kuinua mkono. "Una haki."

"Sitaki haki!"

"Nilimwambia baba yangu mwaka jana," alisema. "Akaniambia nyumba ya Kiunguja haimwozi mtu wa Tabora. Dada yangu aliposwa na watu kama nyinyi, nguo zimeshashonwa, wakarudi nyuma. Baba hakusahau. Akaniomba nisimpeleke tena kwenye mlango wa kufungiwa. Nikasema nitangoja atulie. Nikangoja, na kungoja kukawa kutamu, kwa sababu kila Ijumaa nilikuona." Alinyoosha pembe ya ramani. "Nimenyamaza kama wewe. Tofauti ni kwamba kimya changu hakikuniozesha mtu."

"Basi sema sasa."

Alisubiri. Thani aliinua uso, na jicho lake lilikuwa na lile neno lote. Lilikuwepo, zima, halina pa kujificha. Lakini alitikisa kichwa.

"Nikisema sasa, utakwenda kwa baba yako na neno langu mkononi. Atakuuliza, unamkataa Talal au unamtaka Thani? Na tena jawabu halitakuwa lako. Mjibu yeye kwanza, Khawla. Mjibu lolote, hata kama ni ndiyo. Ukishajibu, mimi nitakuwa na langu la kusema, na nitalisema kwa mdomo huu, si wa Jabali."

"Na kama ni ndiyo?"

"Basi nitakuwa nimelistahiki."

"Maneno gani haya humu ndani?"

Bi Kheiria alisimama mlangoni, leso begani, na nyuma yake Wael na Manal walikuwa wamenywea kama watoto waliovunja kioo. Thani alisimama.

"Shikamoo, Bi Kheiria."

"Marahaba." Alimtazama kijana kwa muda. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Khawla zaidi. "Mwanangu Thani, chai yangu umekunywa miaka miwili. Sijakunyima. Nimekuona kijana wa adabu, nikamwambia Wael, yule ingawa wa Bara ana malezi. Usinivunjie nyumba."

"Sitaivunja, mama."

"Mwanangu kaulizwa, kakubali. Watu wameshaalikwa. Unajua aibu ni nini?"

"Najua, mama. Kwetu iliwahi kuja."

Bi Kheiria alipepesa macho. Yaliyomkuta dada wa Thani Muscat nzima iliyasikia, na mdomo wake ukalegea kidogo. Thani aliiacha ramani pale ilipokuwa, akachukua funguo, akampisha mama mlangoni huku ameinamisha kichwa, akatoka. Hakusema tuonane Ijumaa.

"Nyanyuka," Bi Kheiria akamwambia Khawla. "Kaoshe uso. Mshonaji wa Matrah anangoja vipimo kesho, nami sitaki akuone na macho haya."

"Baba yuko wapi?"

"Unamtakia nini?"

"Yuko wapi, mama?"

Bwana Nasr alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda karibu na mfereji, mikono ya kanzu imekunjwa, tayari kutia udhu wa Magharibi. Alipomwona binti yake alifunga maji. Mama akaja nyuma, akasimama kwenye kizingiti.

Khawla alipiga magoti juu ya vigae vilivyolowa. "Baba, uliponiuliza habari ya Talal, sikukujibu."

"Ulinijibu, mwanangu. Ulinyamaza."

"Kunyamaza kwangu hakukuwa jawabu. Ningekuwa na haya tu, ningetaka uielewe kama ulivyoielewa. Haya nnayo. Lakini siku ile nilikuwa na khofu, na hivi viwili ukivitazama kwa nje vimefanana. Mimi peke yangu nilijua kipi ni kipi, na sikukwambia. Hilo ni kosa langu. Sasa nnakwambia. Simtaki Talal. Hana ubaya, na mimi simtaki."

"Ya Rabbi!" Bi Kheiria alipiga paja. "Yule mtoto wa Bara kamtia maneno! Nimesikia kwa masikio yangu!"

"Alichoniambia ni kuwa nimjibu baba, hata kama ni ndiyo. Umesikia na hilo, mama?"

Bi Kheiria alikuwa amelisikia. Aligeuza uso upande.

Bwana Nasr aliutazama mfereji. Tone moja lilining'inia kwenye mdomo wa mfereji, likaanguka. "Yupo mtu?" aliuliza.

"Hajaja kwako, baba, kwa hivyo sina la kumsemea. Akija, utaniuliza, nami nitakujibu kwa ulimi. Hata asipokuja, Talal simtaki."

"Nimempa ndugu yangu neno."

"Najua."

"Hujui. Mimi na Musallam hatukuwahi kurudishiana neno tangu tuko wadogo. Baba yetu alipofariki tuligawana nyumba kwa mdomo, hatukuandika. Leo niende nikamwambie mwanangu kageuka?"

"Mwambie hakuwahi kukubali. Ndiyo kweli yenyewe."

"Kweli hiyo itaniumiza mimi, Khawla. Kwa sababu atanitazama, na atajua kuwa nilikuuliza nusu swali." Sauti ya mzee ilikwaruza. "Nilikuona umeinamisha kichwa. Niliona mkono wako unatetemeka. Mama yako alipokujibia, nikafurahi kwamba kazi imekwisha."

Khawla alitaka kumshika mkono, akaogopa. Baba yake mwenyewe akamshika, kwa vidole baridi vya maji.

"Nasr," Bi Kheiria alisema, na sasa alikuwa analia, "Musallam hataingia tena nyumba hii. Dada zake watanisema mpaka nife."

"Watasema." Bwana Nasr aliinuka kwa kutumia bega la binti yake. "Wael! Toa gari. Nikishaswali nakwenda Seeb. Kheiria, nipe kilemba changu cha Idi. Mtu akienda kurudisha neno hendi na kofia."

"Nakwenda na wewe," Khawla alisema.

"Haya ni mazungumzo ya wanaume."

"Kimya kilikuwa changu, baba. Ukikirudisha wewe peke yako, Ami atadhani uliyegeuka ni wewe. Na Talal ni mtu. Ana haki ya kulisikia kwangu."

Bwana Nasr alimtazama kama anayemwona mtu aliyekutana naye zamani na jina lake limempotea. Hakusema ndiyo. Alimfungulia mlango wa gari.

Wakashika njia ya Seeb. Wael aliendesha, baba alivuta tasbihi, na taa za barabara kuu ziliwapita usoni moja baada ya moja. Khawla alikaa nyuma akijaribu maneno, akayatupa, akayajaribu mengine. Hakuna yaliyokuwa laini kiasi cha kutosha. Alimfikiria Thani mara moja tu, amekaa ndani ya gari lake mahali fulani Ruwi, hajui. Akajilazimisha kumwacha huko. Safari hii haikuwa yake.

Nyumba ya Ami Musallam ilikuwa na taa mpya kwenye lango, zimefungwa kwa ajili ya Alkhamisi. Bwana Nasr alinyoosha kilemba chake na kupiga kengele.

Aliyefungua ni Talal. Alikuwa amevaa fulana kuukuu, na mikono yake ilikuwa imepakaa rangi nyeupe mpaka kwenye viwiko. Hata nyusi moja ilikuwa na rangi. Nyuma yake, upande wa ghorofa ya juu, dirisha la chumba kimoja lilikuwa wazi ili harufu itoke. Khawla alikijua ni chumba gani, na kinapakwa rangi kwa ajili ya nani.

"Ahlan, Ami! Mbona ghafla?" Talal alicheka, akaficha mikono yake nyuma kwa aibu alipomwona Khawla. "Wallahi mmenikamata. Ilikuwa niwaoneshe kikishakauka. Karibuni, karibuni, baba yuko ndani."

Bwana Nasr alifungua mdomo, na Khawla akamwona anavyotafuta pumzi. Akapita mbele ya baba yake, akasimama pale kwenye mwanga, karibu kiasi cha kuona tone la rangi kwenye kope ya yule kijana.

"Talal," alisema, "baba ana mazungumzo na Ami. Mimi nimekuja kwako. Nina neno ambalo ulistahiki kulisikia tangu wiki iliyopita, nami sikulisema."

Tabasamu la Talal lilianza kuondoka kabla hajalisikia lenyewe. Khawla aliliona likiondoka, lote, na hakuinamisha macho.

"Sikukubali," alisema.